Muulize Foromani: Lami imefika, sasa tujenge nini?

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kaskazini, Isiolo kwenda juu mpaka Moyale. Zingine zimekuja kwa WhatsApp, moja mtu amerekodi sauti dakika nane na nyuma yake ngamia analalamika mwanzo mpaka mwisho, nimesikiliza yote. Wale mnaoniuliza mambo ya ndoa, ukurasa huo ni wa dada yenu pale mbele, mimi ni mtu wa simiti.

Assalamu aleikum mzee. Niko Laisamis, tuna ploti ya futi hamsini kwa mia kando ya barabara. Baba anataka tuuze ngamia saba tujenge lodging ya vyumba kumi na viwili, anasema tangu lami ikuje watu wengi sana wanapita hapa. Ndugu zangu wote wamekubali, mimi tu ndio roho inakataa na nikiulizwa sababu sina. — Mtoto wa tatu, Laisamis

Waaleikum salaam kijana wangu. Sababu iko ndani ya barua yako, umeiandika mwenyewe: wanapita. Lodging inakula kwa watu wanaosimama.

Wewe pengine ulikuwa mdogo, wacha nikukumbushe venye ilikuwa. Miaka mingi lami ilikuwa inaishia Isiolo, ukivuka kile kizuizi cha polisi unaambiwa umetoka Kenya, na mpaka leo wazee wa Marsabit mtu akitoka Nairobi wanamuuliza "habari ya Kenya?" Kutoka Isiolo mpaka Moyale ni kama kilometa 505, na ulikuwa unapanda juu ya lori la ng'ombe, unakalia vile vyuma vya juu, ng'ombe wako chini yako, vumbi, jua, konvoi ya polisi mbele kwa sababu ya majambazi, na ukifika kwa siku mbili unashukuru. Kwa hiyo kila senta watu walilala, wakala, wakanunua maji na miraa. Ile barabara mbovu ndiyo iliyokuwa inajaza lodging!

Halafu lami ikaanza kusogea, Isiolo mpaka Merille kilometa 136 kwanza, halafu vipande vingine, pesa ya Benki ya Maendeleo ya Afrika hapa, ya Umoja wa Ulaya pale, mpaka ikagusa Moyale. Sasa basi inatoka Nairobi jioni na asubuhi abiria wako mpakani. Laisamis wanaipita usiku wakiwa wamelala midomo wazi.

Kuna kitu kingine kinachodanganya watu. Wakati wa mjengo wa barabara vyumba vilijaa. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nyapara kwenye kipande kimoja na nilikuwa napanga chumba kwa mwezi, mwenye nyumba akaona hii ndiyo biashara akaongeza vyumba sita. Kambi ilipofungwa tukaondoka wote kwa wiki mbili. Huyo mzee alinipigia simu mara tatu baadaye, si kunisalimia, kuuliza kama kuna mjengo mwingine unakuja.

Sasa fanya hivi. Wewe na ndugu yako mmoja kaeni kando ya barabara wiki mbili na daftari, na msihesabu magari yanayopita, hesabuni yanayosimama, mwandike yamesimamia nini. Nadhani mtaona vitu viwili. Cha kwanza, Laisamis ni njia panda, hapo ndipo watu wa Korr, Ngurunit, South Horr mpaka Loiyangalani wanabadilishia gari, na hao ndio wanaweza kulala wakichelewa. Hao ni vyumba vinne, si kumi na viwili. Jenga vinne, acha chuma za nguzo zikitokeza upande mmoja ili ukiona vinajaa uendelee. Cha pili, malori ya mifugo. Lori limepakia mbuzi kutoka juu huko linahitaji maji, nyasi, na mahali pa kuteremshia mnyama aliyelegea. Stoo ya nyasi na tanki kubwa si kitu cha kupigia picha lakini kiangazi kikikaza hiyo ndiyo itawalisha.

Na kabla hamjauza ngamia wa maziwa, mwambie baba aulizie kina mama wa Isiolo, wale wa ushirika wa Anolei, wanakusanya maziwa ya ngamia, wanayapoza halafu yanapanda basi mpaka Eastleigh. Hiyo biashara inasimama juu ya lami hiyohiyo mnayotaka kuijengea lodging. Ile ukame ya 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua imekosa kufuatana, ng'ombe waliisha kwanza, ngamia wakabaki wengi. Uza wawili au watatu madume basi. Ingawa baba naye ana hoja moja ambayo huenda hajaisema mbele yenu, kwamba chumba hakiibwi usiku na watu wenye bunduki. Mpe nafasi aiseme.

Mzee, nilijenga nyumba ya blok Kargi, hata miaka minne haijafika, nguzo zinapasuka kwa urefu na ndani chuma imeshika kutu mpaka inabanduka. Fundi anasema niliuziwa simiti feki. Ni kweli? — Mwalimu, Kargi

Inaweza kuwa, lakini swali langu la kwanza ni maji ulitoa wapi. Kama ni ya kisima cha hapo basi wewe umechanganya konkriti kwa chumvi. Chumvi haiharibu sana ukuta mtupu usio na chuma, unaona tu ule ungaunga mweupe ukutani, lakini ikikutana na chuma inaleta kutu haraka, na kutu inavimba, ikivimba inapasua nguzo kutoka ndani. Ndiyo maana ufa unafuata chuma kwa urefu.

Nguzo zilizopasuka hivyo usizipake plasta ukaona zimepona. Weka mbao za kushikilia juu kwanza, bomoa konkriti iliyolegea mpaka uone chuma safi, ile iliyoliwa sana ikatwe iwekwe mpya. Safari hii maji ya konkriti yenye chuma yawe ya mvua au ya bauza, lile lori la tanki la maji, kutoka mahali maji ni matamu, ya chumvi yabaki kwa kazi isiyo na chuma. Mfuko mmoja wa kilo 50 unataka kama lita 25, si zaidi ya hapo sana, na mafundi wetu wanapenda kumwaga maji mpaka inakuwa uji kwa sababu uji ni rahisi kusukuma. Halafu funika na magunia yaliyolowa, umwagilie siku saba. Najua utaniambia maji yenyewe ya kunywa hakuna, ndiyo, hapo ndipo ujenzi wa kaskazini ni ghali kuliko hesabu ya karatasi, mtu anapiga bei ya simiti na mabati anasahau kwamba kitu cha bei mbaya kabisa kwenye saiti ni maji.

Foromani, sisi ni wazee wa kijiji kimoja magharibi mwa Marsabit, jina tuachie. Wamekuja watu na gari mbili nyeupe, wanataka eka elfu tatu za mradi wa umeme wa jua, wametuahidi kisima, madarasa mawili na kazi kwa vijana. Wanataka wazee kumi wasaini Ijumaa. Vijana wanasema tusaini mbio wasiende kwingine. Wewe umefanya kazi na makampuni, unaonaje?

Wazee wangu, Ijumaa msisaini. Na msiwafukuze pia.

Sababu ya kwanza ni sheria. Iko Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na inasema makubaliano ya mwekezaji na jamii hayana nguvu mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo, na mkutano wenyewe uhudhuriwe na theluthi mbili. Watu wazima, wazee wangu, maana yake na kina mama na vijana. Sahihi za wazee kumi chini ya mti ni heshima lakini sheria haizitambui. Kama hao watu wana wakili basi wanajua, na kama wanajua na bado wanataka Ijumaa, hapo jiulizeni.

Sababu ya pili, je, ardhi yenu imesajiliwa? Kama bado, serikali ya kaunti inawashikia kwa niaba yenu. Kuwashikia, si kumiliki, haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa. Lakini mkiwa hamjasajiliwa hata pesa ya fidia serikali ikichukua kipande inakaa kwa akaunti ya kaunti mpaka mjisajili. Kwa hiyo kazi ya miezi hii ni hiyo: andikeni orodha ya jamii, mchague kamati ya usimamizi, watu 7 mpaka 15, mwombe usajili, wapimaji waje. Inachukua muda, inachosha, majirani watabishania mpaka, malisho ya kiangazi ndiyo italeta maneno mengi kuliko kijiji chenyewe. Bora mbishane sasa na jirani kuliko baadaye mbele ya tingatinga.

Sababu ya tatu mnayo hapo karibu, mnaweza kuiona usiku taa nyekundu zikiwaka. Mradi wa umeme wa upepo wa Sarima, ule wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, ardhi eka 150,000 iliyokodishwa wakati ule bado ni ya udhamini chini ya baraza la enzi hizo, kwa miaka 33 inayoweza kuongezwa. Mimi si adui wa huo mradi, barabara ya kutoka Laisamis kwenda huko, zaidi ya kilometa 200, ilikuwa mawe matupu, ilitengenezwa kwa sababu yake, na kuna vijana walisomea kazi pale. Lakini wakazi walienda kortini 2014, na 2021 mahakama ya ardhi Meru ikasema hati zile hazikutolewa kwa kufuata utaratibu. Miaka saba ya kesi kupata jibu la kwanza tu, na hapo wakati huo mitambo imeshasimama na kuzunguka. Hata kampuni haikufaidi na hiyo haraka, hakuna mwekezaji mwenye akili atakayependa hati yenye kesi. Na kitu kinachoumiza watu wengi wa huko ni kile waya mkubwa, unabeba umeme zaidi ya kilometa 400 mpaka Suswa, unapita juu ya manyatta ambazo hazina balbu. Waya wa namna hiyo hauwezi kushushwa kijijini hivihivi, unahitaji kituo cha kupunguza nguvu na laini zake ndogo, ni gharama tofauti kabisa, na hakuna anayeiweka kama haikuandikwa mwanzo.

Kwa hiyo mkikaa nao ulizeni kama wanunuzi wa mbuzi, mnashika kila mahali. Umeme wa kijiji uko ndani ya mkataba au mdomoni? Kodi ya ardhi kwa eka ni ngapi kwa mwaka na inapanda lini? Mifugo itapita wapi, maana jua linataka uzio, si kama upepo ambapo mbuzi analala chini ya mtambo. Kazi za vijana, za ujenzi zinaisha miaka miwili, baada ya hapo ni walinzi na wafuta vumbi wangapi? Kisima, nani ananunua dizeli au nani anatengeneza pampu ikikufa? Nimeona visima vingi kaskazini vyenye kibao kizuri cha mfadhili na hakuna maji. Mradi ukiisha nani anang'oa vyuma? Hayo ya fidia, mrabaha na kurudisha ardhi ilivyokuwa si kiburi chenu, ni mambo ambayo sheria hiyo hiyo inataka mkataba uyaseme.

Wakienda kwingine, huko kwingine nako kuna sheria hiyo hiyo.

Mzee sasa, mimi ni msichana wa 22, nilisomea ujenzi kwa polytechnic ya hapa Marsabit lakini kila saiti ikifunguliwa wanakuja na mafundi wao kutoka down, kusini huko, sisi tunaambiwa tubebe maji ama tupikie wafanyikazi. Nikisema najua kujenga wanacheka. Nifanye? — Fundi bila kazi

Binti yangu, wakicheka omba mwiko. Kweli kabisa, sema nipe mita mbili za ukuta bila malipo leo. Niliwahi kumwajiri mmoja hivyo, na mistari yake ya blok ilinyooka kuliko ya waliomcheka.

Lakini karatasi pia. Kama hujafanya jaribio la NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, anza na gredi ya tatu, halafu ujiandikishe kule NCA, mamlaka ya ujenzi, kama fundi mwenye ujuzi, hiyo kadi mkandarasi akikaguliwa inamsaidia yeye kwa hiyo ana sababu ya kukuchukua. Pia tafuta wenzako mfungue kampuni, hata watatu. Tenda za serikali asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kusajili kampuni ya ujenzi gredi ya chini kabisa ni NCA 8. Nitakuambia ukweli ambao semina hazisemi: tenda unaweza kushinda na ikakuua. Kaunti inalipa ikichelewa, wewe umekopa simiti hardware, mwenye hardware anakutafuta mpaka kwa shangazi yako. Anza na kazi ndogo, choo cha shule, ukuta, tanki, kitu ambacho malipo yakikaa miezi sita bado mtalala.

Soko letu la mifugo lilijengwa ukuta na geti mwaka juzi, halafu mkandarasi akapotea. Tunaambiwa pesa iliisha, wengine wanasema imelipwa yote. Tutajuaje? — Mfanyabiashara wa mbuzi

Mnaandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa wa serikali siku 21 kuwajibu. Msiulize "kwa nini soko halijaisha", hilo ni swali la siasa na jibu lake ni hotuba. Ombeni vitu vyenye jina: mkataba, ile BQ inayoorodhesha kazi na bei, vyeti vya malipo vilivyosainiwa, na ripoti ya mwisho ya injinia wa saiti. Halafu mchukue mtu anayejua kusoma BQ, yule binti wa barua ya juu hapo hana kazi, mtembee naye pale sokoni mkilinganisha mstari kwa mstari. Kimelipwa na hakiko, mmepata. Wakikaa kimya siku 21 zikipita pelekeni kwa Tume ya Haki za Utawala, ndiyo inayopokea hayo malalamiko, si lazima mpande Nairobi.

Je ni kweli kuna pesa maalum ya kaskazini kwenye katiba? — Msomaji, Turbi

Iko, Mfuko wa Usawazishaji, kifungu cha 204. Nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, ya maji, barabara, hospitali na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Uliwekewa miaka 20 tangu katiba ya 2010. Sasa hesabu miaka iliyobaki halafu angalia Turbi ulioko, mimi sisemi zaidi.

Foromani, nimemjengea mama yangu nyumba ya mabati ya vyumba vitatu hapa Korr, ukuta wa mawe, sakafu ya simiti, amelala siku mbili akarudi kwa nyumba yake ya mikeka na vijiti. Watu wananicheka. Nimekosea wapi? — Mtoto wa mama, Nairobi

Ndugu yangu, uliuliza mama kabla ya kuchora? Nyumba ya Kirendille ni ya mama, yeye ndiye anayeijenga, anayeibomoa na kuipakia kwa ngamia, anajua upepo wa Korr unatoka wapi kuliko injinia yeyote. Ile mikeka inapumua. Wewe umemweka ndani ya sufuria na ukafunika.

Inaweza kuokolewa. Paa lako pengine liko chini sana na halina dari, weka dari hata ya mikeka ileile, acha nafasi ya hewa moto kutokea juu pande zote mbili. Kama madirisha yameangalia magharibi ndiyo yanayompikia mama jioni, yawekee kivuli. Kwa wale ambao hawajajenga, upande mrefu wa nyumba uangalie kaskazini na kusini, ule mfupi ndio upokee jua la asubuhi na jioni. Ongeza veranda pana, mtaona wote mnahamia verandani. Na mabati ya juu kaza kweli, upepo wa huko unabeba.

Halafu usimlazimishe. Hilo paa lako, kama ni mita 20 kwa 6, mvua ya milimita 25 tu ikinyesha jioni moja ni kama lita 3,000 zimekuangukia juu, na mama alikuwa anazifuata kisimani na punda. Weka mifereji na tanki, mabomba yatokee upande wa nyumba yake yeye.